Karani wa Simu za Bima

Katika zahanati ya mji ule wa makaa ya mawe, Kentucky, daktari huandika tiba, lakini kampuni ya bima ndiyo huamua kama mgonjwa ataipata. Kazi ya karani yule ilikuwa kuwabana hao wa bima kwa simu. Verna Stiltner, aliyemleta mumewe mwenye mapafu mabovu, alimtazama karani huyo asubuhi nzima kupitia dirisha la mapokezi. Simu aliibana kati ya sikio na bega, muziki wa kusubirisha watu ukilia, huku vidole vyake vifupi vikimenya karanga. Kila aliyepokea upande wa bima, karani alimwuliza jina, akaliandika. Hakupandisha sauti hata mara moja. "Nitasubiri tu, mwanangu, nimekuja na chakula changu," alimwambia mmoja.

Saa tano alimgeukia Verna. "Wamekataa mtungi wa oksijeni wa mumeo. Daktari wao anataka kuongea na wetu sasa hivi, la sivyo wanafunga faili."

"Na wetu anamshona mtu kidole!" Verna alisema.

Karani aliinuka na simu, akaingia chumbani bila kubisha, akaacha mlango wazi. Akambandika daktari simu sikioni. "Wewe shona, mimi nakushikia. Sema nao."

Daktari alisema kwa dakika nane. Mkono wa karani haukushuka. Kisha akairudisha simu sikioni mwake.

"Mmekubali? Vizuri. Nipe namba ya idhini. Taratibu, baba, naandika."

Verna alimvalisha mumewe koti, kifungo kimoja kimoja, machozi yakimlengalenga.