Spoki Moja Isiyolia

Nakumbuka ombi moja, mwanangu, nililoombwa jioni ya Ijumaa katika karakana ya magurudumu pale Small Heath, mtaa wa Birmingham, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilijibu kwa maneno matatu, wala sikufikiri, maana mguu mmoja ulikuwa umeshatoka mlangoni. Maneno yale niliyabeba kwa garimoshi, kwa meli na kwa baiskeli mpaka juu ya milima ya Alpi, na huko ndiko yaliponilemea.

Kaa vizuri, hadithi hii haina haraka. Wajukuu zangu huniambia, "Babu, get to the point," nami huwajibu kwamba pointi haina miguu, haitatukimbia.

Mimi ni mtu wa Tanga, na sisi watu wa Tanga tunajua baiskeli kabla hatujajua kusoma. Nilipofika Birmingham mwishoni mwa miaka ya sitini, kazi niliyoipata ilinifaa kama kanzu iliyokatwa na fundi wangu: kuunda magurudumu. Unachukua rimu, unachukua kikombe cha katikati, unaviunganisha kwa spoki, vile vijiti vyembamba vya chuma, kimoja kimoja, unakaza huku unalegeza kule, mpaka gurudumu linazunguka bila kuyumba. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Kombo, Mpemba, ambaye kabla ya kutua Birmingham alikuwa amepakia makaa ya mawe kwenye matanuri ya meli kwa miaka ishirini. Matanuri yale yalimchukulia vitu viwili. Ncha za vidole vyake ziliungua hata hazihisi kitu, na masikio yake yakafa. Ukitaka akusikie ulisimama upande wa kulia ukapaza sauti, na hata hivyo ulirudia mara mbili.

Sasa, gurudumu hukaguliwa kwa macho na kwa masikio. Macho yanakwambia kama limenyooka. Masikio yanakwambia kama litadumu, kwa sababu spoki iliyokazwa barabara ukiidonoa kwa ukucha hulia, na jirani zake wanaitikia kwa sauti ileile. Iliyolegea hutoa mlio mzito, uliokufa. Mzee Kombo alikuwa na macho ya mwewe, lakini kila alipomaliza gurudumu aliniita, "Kijana, hebu n'sikilizie." Nami nikiinama na kudonoa, karakana nzima ikijua kwamba mimi ndiye masikio ya Mzee Kombo, nilijiona mtu mkubwa kweli.

Ukutani mwetu palikuwa na kalenda kuukuu yenye picha ya bonde la milimani, na barabara nyembamba ikishuka kwa mikunjo. Mwaka ule wa kalenda ulikuwa umepita zamani, lakini Mzee Kombo hakukubali ishushwe. "Mie dunia n'meizunguka tumboni mwa meli," alikuwa akisema. "Bandari zote n'mefika, na sijaiona hata moja." Alitaka, kabla magoti hayajamgomea, apande mlima mmoja mkubwa kwa baiskeli, auone ulimwengu kutoka juu, kisha aachie breki ateremke. Hakuna alichokitaka zaidi ya hicho. Alisoma ramani miaka mitatu, akachagua njia za zamani, zile ambazo malori yamezisahau, na mwanzoni mwa miaka ya sabini akaniambia kwamba zile wiki mbili za kiangazi ambazo viwanda vya Birmingham hufungwa, tutakwenda sote. Akaongeza kwamba gurudumu la mbele la baiskeli yake nitaliunda mimi.

Hiyo ilikuwa heshima, mwanangu. Nami niliifanyia haraka. Ijumaa ile palikuwa na harusi ya Waunguja kule Winson Green, nimeshanyoa ndevu, shati nimelipiga pasi. Spoki moja ilikataa kukazika. Nikakilazimisha kwa spana kile kinati chake kidogo cha shaba kinachoishika kwenye rimu, mpaka meno yake ya ndani yakalika. Kuanzia hapo kilizunguka tu bila kushika. Kubadilisha kulitaka kufungua mpira na kuanza kukaza upya upande mzima. Nikalizungusha gurudumu. Kwa macho lilikuwa limenyooka kama sahani.

Mzee Kombo akaja akalitazama, akaridhika. "Hebu n'sikilizie."

Nikadonoa moja baada ya nyingine. Zikalia, zikalia, kisha ile ikatoa mlio uliokufa, nikaendelea.

"Zote sawa, mzee," nikasema, nikamwonyesha dole gumba, nikaenda harusini. Pilau lilikuwa zuri, siwezi kukataa.

Tuliteremka kwenye garimoshi mji wa Landeck, nchi ya Austria, tukaanza kupanda tukifuata mto. Mimi nilikuwa nimeiona Usambara tangu utoto, nikidhani najua mlima ni nini. Mwanangu, sikuwa najua. Kule mlima ulianza pale macho yangu yalipozoea kuishia. Juu ya misitu palikuwa na majani, juu ya majani mawe matupu, na juu ya mawe theluji inayong'aa katikati ya kiangazi, na wingu limekaa chini yake. Nyumba zilikuwa na watakatifu waliochorwa kutani na kuni zilizopangwa hadi madirishani. Tulipita vijiji ambavyo mtu pekee tuliyemwona ni bibi mmoja anayefagia kizingiti, akatupungia mkono kama anatujua. Nilisema "Subhana-Llah" mara nyingi siku ile hata nikaacha kusema, nikawa natazama tu. Nilijihisi mdogo, na udogo ule ulinipendeza.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Miaka yangu yote ya Birmingham sikuwahi kukaa dakika moja bila basi, mashine au king'ora cha kiwanda. Kule barabara ilikuwa kimya hata nilisikia pumzi zangu na mpira unavyosaga changarawe. Na siku ya pili, barabara ilipoingia ubavuni mwa jabali, mto ukinguruma mbali chini yetu, nikasikia kitu kingine. Tik. Gurudumu likizunguka, tik tena. Kilitoka mbele, kwenye baiskeli ya Mzee Kombo.

Kwetu Birmingham, katika kelele za Coventry Road, ungepanda mwaka mzima usiisikie tik ile. Na aliyeipanda baiskeli yenyewe hakuweza kuisikia popote. Duniani kote, mwanangu, mtu wa pekee aliyeisikia alikuwa mimi.

Utasema, si ungemwambia palepale. Ningemwambia. Lakini aibu ina hesabu zake za ajabu. Nilijiambia, spoki ni thelathini na sita, moja si kitu. Nilijiambia, kupanda si hatari, tunakwenda polepole. Nikabaki nyuma yake siku nzima, nazikodolea macho ajabu za Mwenyezi Mungu, na sikio langu liko kwenye tik. Jioni zikawa mbili: tik-tik. Jirani yake naye ameanza kulegea. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa nimeyaficha maradhi yangu ndani ya baiskeli ya mtu mwingine.

Siku ya tatu tukafika juu, tukaingia Italia. Huko juu kuna ziwa, na katikati ya maji umesimama mnara wa kanisa, peke yake, hakuna kanisa. Kijiji kilizamishwa bwawa lilipojengwa, watu wakahamishwa, mnara ukabaki. Mzee Kombo alivua kofia akasimama muda mrefu. Tulisali adhuhuri kwenye majani, na aliposujudu alikawia kuinuka, nikaona mabega yake yanatikisika. Baadaye akasema, "Mzee mzima nalia kama mtoto. Basi na iwe. N'naona sasa."

Tukaendelea mpaka nchi ilipoisha. Sijui niseme vipi vinginevyo. Barabara ilifika ukingoni, na chini yetu bonde likafunguka lote kwa pamoja: mteremko wa majani usio na mwisho, vijiji na minara yake midogo, nyumba kubwa nyeupe ya watawa imeng'ang'ania ubavuni, na ng'ambo, mbele kabisa, mlima wenye theluji umesimama juu ya kila kitu. Barabara ilishuka moja kwa moja kuingia humo.

Mzee Kombo akakaza ugwe wa kofia kidevuni. Akajaribu breki. Akanigeukia, uso wake umekuwa wa kijana. "Leo naruka," akasema.

Nikasema, "Mzee, ngoja. Ile spoki hailii."

"Nini?"

"Spoki. Hailii."

"Nani hali?"

Hapo ndipo Mungu aliponionyesha kwamba uongo nilioutoa kwa sauti ya chini nitaufuta kwa sauti ya juu. Nikamsogelea sikio la kulia nikapiga kelele kwamba spoki ya gurudumu lake la mbele imekufa tangu Birmingham, kwamba niliisikia Ijumaa ile, kwamba nilimdanganya. Mwanamke aliyekuwa akigeuza nyasi zilizokatwa ng'ambo ya barabara aliacha reki yake akatutazama. Kiswahili hakujua, lakini nadhani alielewa yote.

Mzee Kombo alishuka. Akailaza baiskeli majanini, akapitisha mkono polepole kwenye gurudumu. Ile yangu ilining'inia. Ya pili yake ilikuwa imekatika kabisa, na ya tatu ilikuwa imelegea. Akaitazama barabara, jinsi inavyoshuka. Kisha akakaa chini.

"Nilikwambia unitazamie gurudumu?"

"Hapana, mzee," nikamjibu kwa sauti upande wake wa kulia.

"Nilikwambia nini?"

"Nikusikilizie."

"Macho ninayo," akasema. "Nilikuomba kile nisicho nacho. Nawe ukanipa uongo."

Hakupaza sauti. Angenipiga kofi ningeshukuru. Nikamwambia achukue baiskeli yangu, ateremke, mimi nitakuja kwa miguu na yake. Akaniuliza, "Gurudumu lako la mbele kaliunda nani?"

"Mimi."

Aliinua baiskeli yake akaanza kuisukuma kuteremka, na mimi nikasukuma yangu nyuma yake.

Tulikwenda hivyo kama robo saa, kisha akasimama, akaniita upande wa kulia. "Tangu hapa mpaka chini," akasema, "utan'ambia kila unachokisikia. Na usinidanganye hata kimoja."

Basi nikaanza. Nikamwambia kengele za ng'ombe, ziko kulia, juu, kubwa mbili na ndogo nyingi. Nikamwambia maji, ni mifereji ya wakulima ndani ya majani, kama ile ya Usambara. Nikamwambia mtu ananoa fyekeo kwa jiwe. Nikamwambia upepo kwenye misonobari, na jinsi unavyoanza mbali kabla haujatufika. Alikuwa akitazama kule ninakomwelekeza, akitikisa kichwa, akiuliza, "Na sasa?" Nikasikiliza kama sijawahi kusikiliza, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoona. Ule mlima wa theluji ulibadilika rangi mbele yetu, mweupe, wa manjano, wa waridi. Palikuwa na sauti moja, nyembamba, ikitoka mawe ya juu. Akauliza ni nini. Nikatega sikio, nikatega tena.

"Sijui, mzee."

Akanitazama, mara ya kwanza tangu kileleni. "Haya," akasema. "Leo umeanza kuwa fundi."

Jua lilikuwa bado halijazama tulipoingia Glurns, mji mdogo kuliko Small Heath mara nyingi, umezungushiwa ukuta wa mawe wa kale, unaingia kwa lango kama mgeni wa mfalme. Mapaa ya vibaraza vyake ni mafupi hata Mzee Kombo aliinama kupita. Fundi mmoja wa mji alitufanyia gurudumu asubuhi yake. Kutoka hapo barabara ilifuata mto katikati ya mashamba ya matufaha, tambarare, nzuri ajabu, mpaka kwenye garimoshi la kurudi. Mteremko ulikuwa umekwisha.

Hapa ndipo panaponiuma, mwanangu, na nisikufiche. Majira ya baridi yaliyofuata goti la Mzee Kombo lilikataa, na hakupanda tena mlima wowote. Aliungoja mteremko ule maisha yake, akaupata kwa miguu. Shingo yake iliokoka, ndiyo, lakini furaha yake nilimwibia kwa maneno matatu, na hakuna spana ya kulirekebisha jambo hilo. Nilimwomba radhi zaidi ya mara moja. Mara ya mwisho alikuwa amelala hospitali kule Edgbaston, nikamwambia karibu na sikio la kulia. Akasema, "Kwa miguu niliona zaidi." Mpaka leo sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Alikuwa mtu wa kuweza yote mawili.

Basi nasaha yangu ni hii. Kosa liseme likiwa bado juu ya meza ya kazi, pale ambapo kulirekebisha kunakugharimu jioni moja ya harusi. Usipoweza hapo, liseme njiani. Na ukifika ukingoni hujalisema, liseme hapohapo hata kama utapiga kelele mbele ya wageni, kwa sababu baada ya ukingo si wewe unayeteremka, ni mwenzako. Na mtu akikuomba umfanyie kile asichoweza kujifanyia mwenyewe, umsomee barua, umpimie dawa, umtafsirie kwa daktari, usidhani kwamba amekupa kazi ndogo. Amekukabidhi roho yake. Usipojua, sema sijui. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nenda, mwanangu. Mola akupe sikio linalolisikia kosa lako kabla halijafika kwa mwingine, akupe ulimi usioona uzito wa kulisema, na akuonyeshe milima yake ukiwa na moyo mweupe, nawe uiteremke salama wewe na wote waliokuamini. Amin.