Wiki Tatu za Barua ya Uingereza

Mwezi uliopita nilishuka Kombewa siku ya soko kutafuta mtungi wa maji wa udongo. Nilizunguka soko zima. Ndoo za plastiki zilikuwa tele, na muuzaji mmoja akaniuliza kama nimetoka makumbusho. Nilicheka naye, lakini roho iliniuma. Mimi ni mjukuu wa mfinyanzi, ndugu yangu, na boma letu lilinukia udongo mbichi na moshi wa nyasi mwaka mzima.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nyanya na wenzake saba walikuwa wakifinyanga mitungi, na plastiki ilikuwa imeshaanza kuwafukuza sokoni. Kwa hiyo ilipofika barua ya mama mmoja wa Uingereza mwenye duka la vyombo, wote walikusanyika. Karani wa kanisa akaisoma: mama huyo anakuja baada ya wiki tatu, na akiipenda mitungi, atakuwa akiichukua kila mwaka. Nyanya, aliyehesabu wiki kwa siku za soko, akakunja vidole vitatu. Akasema kesho waende sokoni kwanza, kazi ianze polepole baadaye.

Sasa, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametuchosha kwa jambo hilo hilo. Alisema Mwingereza huitaja siku ambayo haijafika kana kwamba ameshaitia mfukoni, na ukimkosa siku hiyo, umemkosa. Halafu alitukumbusha kwamba sisi huanza kuhesabu siku habari inapotufikia, yeye huanza siku anapoiandika. Akikuambia wiki mbili, muulize kuanzia lini.

Nikachungulia ile barua. Tarehe iliyokuwa juu ilikuwa ya siku kumi na mbili nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na siku hizo msichana wa umri huo hakuwa wa kumsahihisha karani mbele ya watu. Lakini nikamsogelea nyanya.

"Dana," nikasema, kwani ndivyo tulivyomwita nyanya, "hizo wiki tatu zilianza kitambo. Zimebaki siku tisa."

Karani alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanapenda kujionyesha. Nyanya alikuwa akipiga hesabu. Mtungi ulihitaji wiki nzima kukauka, na ukichomwa kabla, unapasuka. Akanigeukia.

"Uko na uhakika?"

"Ndio, Dana."

"Basi kesho hatuendi soko," akawaambia wenzake. "Tunafinyanga leo."

Nilitwanga udongo mpaka viganja vikachubuka. Tulikula ugali na omena tukiwa tumesimama. Siku ya tisa, mitungi ikiwa bado na joto la moto, gari likaingia kutoka upande wa Kisian. Mama yule aliigonga mitungi mmoja mmoja kwa kidole, akaichukua yote. Nyanya, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, akanishika bega, akamgeukia karani.

"Mwambie mgeni kwamba huyu mtoto ndiye alijua siku yake ya kuja."

Karani akatafsiri, apende asipende.

Nyanya hayupo tena, wenzake pia, na tanuri lao limeota mihindi. Siku hizi mgeni hupiga simu akiwa njiani. Mimi nimesoma, nimepewa vyeti, nimepigiwa makofi kwenye kumbi za Kisumu. Lakini sijapata tena heshima kama ile ya wanawake wanane waliokosa soko zima kwa sababu tu nilisema.