Ufaransa ya Gerejini

Baiskeli yangu haijawahi kutoka gerejini hapa Cedar Hill. Naiendesha ikiwa imefungwa sakafuni isisogee, kando ya mashine ya kufulia, mbele ya skrini inayoonyesha barabara za mashambani Ufaransa. Jumamosi nilipiga picha ya kijiji cha kale kilichokuwa kwenye skrini, nikaituma kwa grupu ya kanisa: "Leo niko Ufaransa."

Ulikuwa utani. Lakini Mama Wambui, kiongozi wa maombi, akatuma ujumbe mrefu wa sauti akiniombea safari njema, mimi na baiskeli yangu. Wenzake wakaitikia Amina. Sasa utamkatizaje mtu anayeombea magurudumu yako? Nami nikaandika Amina. Mjinga mimi.

Jumapili ikabidi nikose ibada, maana nilikuwa Ufaransa. Nikapanda baiskeli nimejikasirikia. Nilikuwa katikati ya kilima, kaptura imenibana, jasho linanitiririka, mlango wa gereji ulipoanza kuinuka polepole. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka kanisani, akabonyeza rimoti kama kawaida. Nyuma yake walikuwa kina mama wa kanisa na masufuria ya chapati, wamemfuata kumliwaza aliyeachwa peke yake.

Nikaendelea kupiga pedali. Sijui kwa nini.

"Baba Kevin," akasema Mama Wambui, "kumbe hata Ufaransa umekwenda na mashine yenu ya kufulia?"