Kurasa Ishirini na Nne

Fundi wa kujalidi vitabu, ambaye watu wote, hadi mama mkwe wake, walimwita Gundi, alikuwa na ugonjwa mmoja: kitabu hakikupita mikononi mwake bila kusomwa. Mpelekee kamusi iliyovunjika mgongo, ataisoma. Mpelekee daftari la mahudhurio ya shule, atalisoma, kisha akuulize huyu mtoto wa namba kumi na saba mbona Jumatatu haonekani. Wateja walilalamika kwamba anachelewesha kazi. Wapi! Kazi ilikuwa tayari tangu juzi, ila msomaji hajamaliza.

Na akishasoma, lazima aseme. Mchana alikuwa Gundi, mtu mpole mwenye aproni iliyokakamaa. Jioni alikuwa Jicho la Mwewe, mwenye blogu ya tahakiki za vitabu, na Jicho la Mwewe hakumhurumia mtoto wa mtu. Kila tahakiki aliianza kwa kukagua uzi na mshono, ndipo akaingia kwenye hadithi na panga mkononi. Miaka kumi na mmoja, tahakiki mia tatu na kumi na mbili. Aliamini hakuna anayemjua isipokuwa mkewe, nesi, ambaye alisoma mistari miwili ya kila moja, akasema "nzuri", akalala.

Sasa sikia mambo. Kampuni iliyomhifadhia blogu ilimwandikia barua pepe: "Ndugu mwandishi, tunakushukuru kwa dhati kwa kuwa nasi miaka yote hii. Maandishi yako ni hazina." Gundi aliposoma neno hazina, kifua kilimjaa. Akamsomea mkewe mara mbili, akafunga barua. Aya ya nne, kule chini, ilisema huduma inafungwa, maandishi yote yatafutwa baada ya siku tisini, kila mtu ahamishe yake mapema. Zikaja barua nyingine mbili, nazo zikaanza kwa shukrani. Alizisoma shukrani.

Siku ya tisini na moja blogu ikafunguka nyeupe pe. Akajaribu kwa simu, akajaribu kwa kompyuta ya jirani, akarudi kwenye simu.

"Wameniibia!" akapiga kelele. "Mama watoto, wameniibia mchana kweupe!"

Mkewe akaiomba ile barua. Akaisoma kimya, kidole kikishuka mpaka chini kabisa, kisha akamrudishia simu.

"Baba watoto, hawajakuibia. Walikuaga."

Gundi akakonda. Usicheke, mtu hukonda kwa kitu anachokipenda. Vitabu vyote alivyoshona maishani vilikuwa vya watu. Zile mia tatu na kumi na mbili ndizo pekee zilizokuwa zake, na hakuwa na nakala hata moja. Mkewe alipomwambia aanze upya, alijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo alijaribu kuziandika tena kwa kichwa. Loo! Aligundua kwamba kila tusi alilowahi kumtupia mwandishi analikumbuka neno kwa neno. Vitabu vyenyewe ndivyo hakuvikumbuka.

Wiki ya tatu ya msiba huo, akaingia dukani Mwalimu, mama mmoja mstaafu aliyefundisha hisabati nusu ya mtaa na kuiogofya nusu iliyobaki. Akaandika jina lake kwenye daftari la wateja, akaweka mezani furushi la karatasi lililofungwa kamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka ziwe kitabu kimoja. Zifuate mpangilio huu huu, na usinipunguzie hata karatasi moja."

Alipoondoka, Gundi akafungua kamba. Karatasi ya kwanza ilikuwa tahakiki ya Jicho la Mwewe. Ya pili pia. Ya tatu pia. Akakalia debe la gundi. Zilikuwapo zote, zimechapishwa, kila moja na tarehe yake! Alizipiga picha kwa simu moja baada ya nyingine siku mbili nzima, akijisoma na kucheka kwa utamu wake mwenyewe, hadi jirani akachungulia kuuliza kuna nini.

Kicheko kiliishia kwenye ya mia moja arobaini na tatu. Jina la mwandishi aliyehakikiwa hapo ndilo aliloliandika Mwalimu kwenye daftari la wateja. "Uzi ni mzuri kuliko hadithi," Jicho la Mwewe alikuwa ameandika. "Mhusika anasimama mbele ya mlango wa mama yake baada ya miaka ishirini, anainua mkono kubisha, na kitabu kinakatika. Huu si mwisho, huu ni uvivu. Mwandishi amekikimbia kitabu chake. Tunamshauri aendelee kukimbia."

Hapo Gundi akakikumbuka kitabu chenyewe. Kililetwa na maktaba kutengenezwa, jalada limechanika, nyuma kimenyofoka. Alikisoma mpaka ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, akaandika kwamba hakina mwisho, na kesho yake akashonea karatasi tupu pale mwisho uliponyofoka. Fundi wa miaka mingi! Mikono ilijua kuna kurasa zimepotea. Mdomo haukungoja kuiuliza. Nyani haoni kundule, lakini huyu alilishona kabisa na kulipaka gundi.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Akaitoa ile karatasi kwenye furushi. Moja tu, nani atajua? Akairudisha. Akaitoa tena. Maisha yake yote aliwatukana watu wanaochana kurasa, na sasa yeye hapo, na karatasi mkononi. Akairudisha, akaishona haraka kabla hajabadili nia. Chini ya tahakiki ya mwisho kulikuwa na karatasi nyingine chache zenye herufi tofauti. Hazikuwa zake. Akazishona bila kuzisoma.

Mwalimu aliporudi, Gundi alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kuna jambo nataka kukwambia. Huyu Jicho la Mwewe…"

"Ni wewe. Najua."

"Umejuaje?"

"Nani mwingine duniani anaanza kuhakiki hadithi kwa kukagua uzi?"

Gundi akatafuta pa kuangalia, akaangalia mkasi.

"Iliniuma, fundi," Mwalimu akasema. "Niliandika kitabu kimoja, kikahakikiwa na mtu mmoja. Sikuandika tena. Nikachapisha za nyuma zote, kisha kila Ijumaa nikawa nachapisha ulichoandika, nione kama ni mimi tu unayenionea."

"Ukaonaje?"

"Unaandika vizuri. Ndiyo maana iliniuma." Akavuta kiti cha wateja, akakaa. "Blogu ilipozimika nikaona umefiwa. Hiki nimekutengenezea wewe. Umekisoma chote?"

"Chote, Mwalimu."

"Mpaka mwisho?"

Gundi akaanza kupangusa meza. Mwalimu akafungua kitabu kwa nyuma, kwenye zile karatasi zenye herufi tofauti, akamgeuzia. Juu kabisa palikuwa na namba: mia mbili na kumi na tatu.

"Umekula ng'ombe mzima ukashindwa mkia," akasema. "Na hii ni mara ya pili. Soma, mimi nasubiri."

Akasoma palepale, amesimama kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Mlango ulifunguka kwenye mstari wa kwanza. Mama alikuwa hai, alikuwa amekasirika, na alikuwa ameweka sahani ya mwanawe mezani kila siku kwa miaka ishirini, akiiosha na kuirudisha kabatini bila kumwambia mtu. Gundi alipofika ukurasa wa mia mbili thelathini na sita alishindwa kumtazama Mwalimu, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na aproni ilikuwa ngumu mno kufutia.

"Nisamehe," akasema.

"Andika," akajibu Mwalimu, akachukua mwavuli wake.

Wiki hiyo Gundi akafungua blogu mpya. Zile picha za simu hakuzigusa. Akaandika tahakiki moja, ya kitabu cha Mwalimu, bila neno hata moja juu ya uzi. Kisha akampa mkewe simu. Mkewe akasoma mistari miwili.

"Nzuri," akasema.

"Shuka mpaka chini."

Mkewe akashuka. Chini hapakuwa na Jicho la Mwewe. Palikuwa na jina lake kamili, na baada yake: fundi wa kujalidi, aliyehukumu kitabu hiki bila kurasa ishirini na tatu za mwisho.

"Na mwenyewe ameshaiona?" mkewe akauliza.

"Kanipigia simu. Kasema nimekosea hesabu, ni ishirini na nne."

"Basi?"

"Kasema pia ameanza kuandika kingine, na ataniletea nikijalidi." Gundi akaichukua simu, akasahihisha. "Ila kanikataza kukisoma kabla hajakimaliza."