Dredi Fupi ya Kisogoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nywele za mtu. Nilifika saluni kule Iyunga asubuhi, ukungu ungali barabarani na malori ya Tunduma yamewasha taa, nikamkuta Bosi amekaa kwenye kiti cha wateja anakunywa chai. Nasema Bosi kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita, ingawa alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya upole. Dredi zake zilifika kiunoni. Mimi nilikuwa na nywele za dawa, zimelala chali kama za mwanasesere, na nilijiona nimependeza kweli kweli. Alinitazama kichwani, akanipa kitana chenye mkia na kile kichwa cha plastiki cha kufundishia kusuka.

"Gawa," akasema.

Nikagawa. Akaja, akavuruga. "Gawa tena."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda siku ile na nyingi zilizofuata. Kugawa ni kuzipasua nywele katika viboksi vidogo kabla ya kusokota, na kila kiboksi ndicho kitakachokuwa dredi moja. Bosi alitaka viboksi vipishane kama matofali ukutani, ili nywele zikilalia upande wowote ngozi isionekane.

"Kwenu Rungwe umelima viazi, siyo?" aliniuliza siku moja. "Tuta likienda kombo, unalinyoosha msimu ujao. Huku hakuna msimu ujao, mwanangu. Dredi ikishafunga, mstari uliouchora leo mtu atatembea nao mpaka azeeke."

Nilikasirika sana siku zile. Niliapa kwamba siondoki Iyunga mpaka Bosi aje, atazame, apite bila kuvuruga. Siku alipopita bila kuvuruga nilikwenda uani nikacheka peke yangu.

Ndipo akanifundisha kuanzisha dredi. Nywele fupi tulizisokota kwa kitana: unakishika karibu na ngozi, unakizungusha upande mmoja tu mpaka kwenye ncha. Ukibadilisha upande katikati, umefumua ulichokifanya. Nywele ndefu kidogo tulizizungusha mbili mbili kama kamba. Mwenye haraka alishonewa kwa sindano ya kroshia, lakini Bosi hakuipenda haraka. Kilainisho chetu kilikuwa ute wa mshubiri uliopandwa kwenye kopo mlangoni, basi.

Wateja wengi walikuja na nta ya nyuki waliyoinunua kwa wauza asali, wakiamini dredi haishiki bila nta. Kwa baridi yetu nta huganda ndani ya dredi, ikashika vumbi lote la kiangazi, na hakuna maji ya moto yatakayoitoa. Bosi aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka dirishani. "Hiyo ya mishumaa," alisema. "Ukiondoka usiisahau."

Kazi kubwa ilikuwa baada ya kusokota. Dredi changa hufumuka, huvimba, kila moja inaelekea kwake, na mwenyewe akijitazama kwenye kioo anatamani kulia. Hapo ndipo wengi hukimbilia mkasi. Wengine hutaka kurudiwa mizizi kila wiki, yaani kusokotwa upya zile nywele zinazochipua karibu na ngozi, na mizizi ikisokotwa mno hukonda mpaka dredi inakatika. Nilijifunza kukataa. Niliwafukuza wateja mlangoni kwa maneno mazuri, nikawaambia warudi ziking'ang'ania zenyewe.

Baadaye Bosi alinituma Iringa mjini kusimamia saluni ya rafiki yake, ghorofani juu ya duka la mzee wa Kihindi tuliyemwita Mzee wa Vitambaa. Iringa ndiko nilikojua adui wa kweli wa dredi changa, na si uchafu wala uvivu. Ni mzula. Baridi ya Juni kule haina adabu, kila mtu ana kofia ya sufu, na sufu huacha manyoya ndani ya dredi ambayo bado inajifunga. Ikishafunga, manyoya yamo humo milele. Mwingine anaosha nywele asubuhi, anavaa mzula zingali mbichi, na baada ya muda zinanuka kama gunia lililonyeshewa. Kwa hiyo nikawa nashonea mizula ya wateja bitana ya satini, isiyoacha manyoya.

"Binti, satini yote hii, unashonea maharusi?" Mzee wa Vitambaa aliniuliza.

"Nashonea kofia, mzee."

"Kofia!" Akacheka mpaka akashika kaunta. Lakini tangu siku ile aliniwekea vipande vilivyobaki.

Nilipoona naweza kusimama mwenyewe, nilikwenda Igowole nikafungua chumba changu kimoja. Watu walinishangaa. Mji mdogo wa wakulima, nani atasokota dredi? Nikawaambia watakuja. Na walikuja, mmoja mmoja, ingawa kanisani, katika usharika wangu, wapo waliosema nafundisha watoto uhuni.

Kati ya waliokuja alikuwepo binti aitwaye Upendo. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu, dawa zikamaliza nywele zote, na sasa zilikuwa zimeota tena, laini na fupi. Aliletwa na baba yake, mzee mkimya wa viazi, koti lake limejaa udongo mwekundu.

"Anti, nataka zisiondoke tena," Upendo aliniambia.

Baba yake alisimama nyuma ya kiti, akashika kioo muda wote niliogawa. Nilipomaliza nikawaeleza habari ya mzula na satini, na kwamba siku ile satini yangu ilikuwa imekwisha. "Nitashona mwenyewe," yule mzee akasema. Nilidhani anatania.

Upendo alivumilia ule wakati wa kufumuka kuliko wateja wangu wote. Wasichana walimcheka kanisani, naye akaja kwangu si kulalamika bali kuuliza kama zimeanza kufunga. Zilikuwa zimeanza. Ukiibonyeza dredi kwa vidole unasikia kifundo kigumu ndani, ndiyo mbegu yake. Nilimshikisha zake, akafurahi kama mtoto.

Kisha baba yake akafa ghafla. Upendo alinipigia simu analia mpaka sikumwelewa. Nilichokisikia ni hiki: "Wamenoa wembe, anti."

Huku kwetu mzazi akizikwa, watoto wake hunyolewa. Naiheshimu desturi hiyo, nami nilinyolewa nilipofiwa na mama. Lakini nilimjua yule binti. Kwake kipara kilikuwa ugonjwa, kilikuwa kitanda cha hospitali. Nilifunga chumba, nikafunga khanga, nikaenda.

Wanawake walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka. "Kamwene," nikawaamkia, wakaitika. Shangazi mkubwa, dada wa marehemu, alikuwa na beseni la maji mbele yake, na Upendo amekaa pembeni na mzula wake ameuvuta mpaka kwenye nyusi.

"Wewe si yule Mnyakyusa wa manywele?" shangazi akaniuliza. "Mama, hapa pana msiba. Hapana saluni."

"Sijaja kukataza, shangazi. Nimekuja kuomba."

"Kaka yangu amelala chini, mtoto wake abaki na manywele kichwani? Watu watasema hatukumlilia."

"Kaka yako ndiye aliyemleta kwangu. Alishika kioo mpaka nikamaliza."

"Maneno hayo. Marehemu hajibu."

Sikuondoka. Nilimwambia Upendo avue mzula, shangazi azione nywele zenyewe. Akauvua, na kwa kuwa hakujua la kufanya nao akaugeuza ndani nje, akampa shangazi yake.

Kulikuwa na bitana ya satini ya zambarau, imeshonwa kwa uzi wa katani, mishono mikubwa iliyokwenda mshazari, ileile tunayofungia magunia ya viazi. Shangazi aliipitisha kidole. Akaipitisha tena.

"Kaka yangu huyu," akasema, "maisha yake yote hakuwahi kushona kitu kingine ila gunia."

Akalia. Alilia kwa sauti, na uani pote wakalia naye, mimi pia. Tulipotulia nikasema nilichokuja kusema: "Nyoeni dredi moja. Kutoka kwenye ngozi, kwa wembe, pabaki peupe kila mtu aone amenyolewa. Uichague wewe, shangazi."

Shangazi alipapasa kichwa cha binti polepole. Akachagua iliyokuwa katikati ya kisogo, nene kuliko zote, akainyoa kwa mkono wake, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nywele za wengine.

"Zilizobaki uzitunze," akaniambia. "Nikizikuta zimechakaa, nanyoa zote mwenyewe."

Nywele zilipoota tena pale kisogoni, nilianzisha dredi mpya kwa kitana, peke yake, nikaipigania isiungane na jirani zake.

Sasa nimestaafu. Vidole vimevimba maungio na asubuhi za Juni haviwezi kushika hata kijiko vizuri. Ninyi mnaojifunza leo kwa simu mna sabuni na majeli ambayo Bosi hakuyaota, na sioni wivu. Ila gaweni vizuri. Mkatalieni mteja anayetaka haraka, hata akinuna. Na kabla ya kugusa kichwa cha mtu mjue kwanza amepitia nini, maana hiyo haionekani kwenye kioo.

Mteja wangu wa mwisho alikuwa Upendo, na yeye sasa ni mama. Dredi zake zimefika kiunoni. Moja tu, ya kisogoni, inaishia katikati ya mgongo, na haitazifikia nyingine kamwe. Alikaa kwenye kiti, akavua ule mzula wenye bitana ya zambarau. Nilikuwa nimemwambia vidole vyangu siku ile vingeweza kurudia mizizi michache tu, achague.

"Anza na ya baba, anti," akasema.

Nikaanza nayo.