Mizunguko Sitini

Nikisikia mtu akisema mashine haidanganyi, damu yangu huchemka. Nina miaka thelathini nikitengeneza baiskeli hapa Gilgil, na mashine ambayo haijawahi kunidanganya bado sijaiona. Hebu niwasimulie habari za Namalwa, halafu mniambie kama mimi ndiye mkorofi.

Namalwa ni binti wa marehemu Wasike. Babu yake alitoka Webuye kuja kufanya kazi ya reli Nakuru. Baba yake alichimba ule udongo mweupe wa Kariandusi mpaka akastaafu, na alichomwachia bintiye ni Black Mamba moja, ile baiskeli nyeusi, nzito, isiyo na gia. Kila asubuhi Namalwa hufunga mitungi miwili ya maziwa kwenye keria, lita arobaini kwa jumla, na kupanda mlima wa Kariandusi hadi kwenye hoteli za Gilgil. Mwaka wa nane huu. Hashuki kusukuma. Wapo wanaume wenye mizigo midogo kuliko wake ambao hushuka na kusukuma, na akiwapita wao hujifanya wanatazama ziwa lililo kule chini.

Upandaji wake si ule wa kwenye televisheni. Ukiwa na mzigo mzito na huna gia, huwezi kuzungusha miguu haraka haraka. Unasimama, unailalia pedali kwa uzito wako wote, inashuka polepole, unahamia ya pili. Wabeba maziwa wote wa upande huu hupanda hivyo. Ukiwatazama kutoka mbali utadhani wanakaribia kusimama, lakini hawasimami.

Mwaka jana nilimwazima baiskeli ya mashindano niliyoiunganisha mwenyewe kwa vipuri vya hapa na pale. Akaingia mashindano ya wazi ya Jumapili mara mbili, na mara zote mbili akawaacha wasichana wa klabu moja ya Nakuru kwenye mlima huo huo wa Kariandusi. Si kwa sekunde chache. Aliwaacha hadi akawa anageuka nyuma kuangalia kama barabara imefungwa.

Klabu hiyo ilikuwa na nafasi moja ya mwanamke kwenye timu yake. Anayeipata anakaa kambini mwaka mzima, kazi yake ni kula, kulala na kufanya mazoezi, na anapewa baiskeli ambayo hata mimi ningenawa mikono kabla ya kuigusa. Namalwa aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Ana miaka ishirini na saba. "Fundi," aliniambia, "hii ikinipita, mwaka ujao nani ataniangalia?"

Mtu mwenye akili angempa nafasi mshindi, yakaisha. Lakini kocha wao, Kosgei, alikuwa ametoka kwenye mafunzo fulani na kurudi na maneno mapya. Akasema ushindi wa barabarani unaweza kuwa bahati, siku hizi watu huchaguliwa kwa sayansi. Kila msichana angepimwa kiasi cha hewa ambacho mwili wake unaweza kutumia kwa dakika moja, kulingana na uzito wake. Asiyefikisha hamsini, asahau.

Sina ugomvi na sayansi. Nilimsindikiza Namalwa Nakuru nikiwa na furaha, kwa sababu nilijua kifua alicho nacho. Tena nikampa ushauri, na ushauri huo nitaujutia mpaka nizikwe. Nilimwambia, "Usishindane na hiyo kitu kwa haraka. Ikianza kuwa nzito, fanya kama uko Kariandusi. Ilalie."

Kipimo kilifanyiwa ukumbini. Baiskeli ilikuwa imefungwa kwenye sakafu, na waya zimetoka kila upande. Msichana wa vipimo aliitwa Karishma, mpole, amesomea kazi yake. Alimvalisha Namalwa barakoa ya mpira yenye bomba, akamtoboa sikio kidogo kuchukua tone la damu, akamwambia, "Pole, dada." Kisha mashine ikawashwa. Kila dakika ilikuwa inazidi kuwa nzito.

Dakika ya tano, ya sita, ya saba, Namalwa alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri chai. Dakika ya tisa ikawa nzito kweli. Nikamwona anasimama, anapunguza kasi ya miguu, anailalia. Nikatabasamu. Hapo ndipo huwa anaanza kuwaacha watu.

Mashine ikapiga kelele, taa nyekundu ikawaka, na pedali zikawa nyepesi ghafla, nusura aanguke. Namalwa akavua barakoa. "Imeharibika?" akauliza.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imewekwa hivi: miguu ikizunguka chini ya mara sitini kwa dakika, inahesabu kwamba umechoka, inajizima. Wasichana wa klabu walijua. Wamekulia juu ya hiyo mashine, na Ijumaa kabla ya kipimo walikuwa wamekumbushwa kambini. Namalwa hakuwa kambini siku ya Ijumaa. Alikuwa anapeleka maziwa. Hakuna aliyefungua mdomo kumwambia.

Namba yake ilitoka arobaini na moja.

Karishma, Mungu ambariki, alichukua tone jingine la damu sikioni, akalipima, akasema wazi. "Coach, hii test haijaisha. Moyo wake bado uko chini, hata damu inaonyesha hajachoka. Ni miguu tu imeshuka chini ya sixty. Tumpe nafasi tena kesho."

"Ikishuka chini ya sixty, amechoka," Kosgei akasema. "Hiyo ndiyo protocol."

"Amechoka wapi?" nikamuuliza. "Mwangalie! Hata jasho hana!"

"Mzee, kila mtu amefanya mara moja. Nikimrudia huyu, nitarudia wote?"

"Hao wengine waliambiwa!"

"Hiyo kitu kila mtu anajua, mzee."

Kila mtu! Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo. Kila mtu ni nani? Ni wale waliolala kambini, wakala kambini, wakafundishwa kambini. Anayeamka alfajiri na kukamua ng'ombe wa watu si mtu. Unamwita kumpima kwa kitu ambacho hajawahi kukiona, unamficha sheria yake moja tu, halafu unaniambia namba imesema. Namba haikusema chochote. Ilikatizwa ikiwa katikati ya sentensi. Karishma aliandika chini ya fomu kwamba kipimo hakikukamilika, na Kosgei akanakili ile arobaini na moja kwenye karatasi yake, maneno akayaacha.

Njiani kurudi, Namalwa hakunilaumu. Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Alisema tu, "Nilifanya vile uliniambia, fundi." Nilitazama nje ya dirisha la matatu hadi tukafika.

Nafasi ilimwendea msichana anayeitwa Natasha, aliyepata hamsini na nne. Sina ubaya na Natasha, ana heshima na anajituma. Wiki tatu baadaye timu ilishindana kutoka Nakuru hadi Gilgil, siku ya Jumapili, na ng'ombe hawajui Jumapili. Namalwa alikuwa katikati ya mlima na maziwa yake wakati mtu wa kibendera alipomwamuru ashuke akae kando. Nilikuwepo, nimeegemea ukingo wa barabara, nikamwona amesimama pale ameshika usukani, mashindano yakimpita.

Kundi la mbele lilipita. Natasha alikuja nyuma yake, ameachwa, miguu ikizunguka kama cherehani na baiskeli haiendi. Uso wake ulikuwa umekwisha. Ningekuwa mimi, ningenyamaza. Namalwa akapaza sauti, "Natasha! Weka gia nzito! Simama, ilalie! Wacha kuzungusha!"

Natasha akabadilisha gia. Akasimama. Mara ya kwanza akayumba, ya pili akashika, na kabla ya kona ya juu alikuwa ameshagusa gurudumu la mwisho la kundi. Gari la Kosgei lilikuwa nyuma yake hapo hapo, kioo kimeshushwa. Aliona yote.

Jumatatu akaja kwangu. Namalwa alikuwa hapo, anafungua kamba za mitungi. Kosgei akamsalimu vizuri, akasema angependa aje kambini kila Jumamosi kuwaonyesha wasichana namna ya kupanda. "Kama volunteer tu," akasema, yaani bila malipo.

"Na nafasi?" Namalwa akamuuliza.

"Nafasi ilijazwa. Na unajua namba zako."

Nilishika spana. Nakiri, nilishika spana. Lakini Namalwa alimaliza kufungua kamba yake, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye keria.

"Mlima uko pale, coach," akasema. "Waje saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na mtungi wake."

Hawajaja. Miezi minne sasa. Wiki jana niliamka mapema, nikaenda kukaa kwenye mawe pale juu ya mlima na saa yangu ya mkono, kwa sababu hasira zilikuwa zimeninyima usingizi na nilitaka kujua. Namalwa akatokea chini, amesimama juu ya pedali, mitungi nyuma. Nikahesabu miguu yake dakika nzima: arobaini na nane. Nikahesabu dakika nyingine: arobaini na sita. Ile mashine ingekuwa imeshamzima kabla hajafika hata kwenye kona ya kwanza.

Alifika juu, akanipita. "Sasa, fundi," akanisalimu, na hakuwa anahema.