Pengo kwa Pengo

Ndoa nyingine hushikiliwa na watoto. Ya mama mdogo wangu imeshikiliwa na kamba. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akimshusha mumewe kisimani asubuhi na kumpandisha mchana, maana baba mdogo ni mchimba visima, na mama mdogo hamruhusu mtu mwingine yeyote amshushe. "Nyumbani tunaweza kugombana akatoka," husema. "Huku akitaka kutoka, ananiomba."

Ni mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo, na nyuma ya sikio lake hakikosekani kipande cha chaki. Kila ndoo ikitoka, anachora mstari ubaoni. Shule aliishia darasa la tano, lakini ukimdanganya ndoo moja atakutazama mpaka uanze kukiri na makosa ambayo hakukuuliza. Mimi niliishia mwaka wa pili wa stashahada ya ufundi mitambo, nikaja kwake "kupumzika kidogo." Siku ileile akanibatiza Injinia Nusu.

Siku ninayoisimulia tulikuwa uani kwa mtu, winchi ikiwa na siku tatu tu mikononi mwetu. Ilikuwa na gia mbili zinazoumana meno: ndogo, iliyofungwa kwenye mkono wa kuzungushia, na kubwa, iliyofungwa kwenye roli, gogo linalokunja kamba. Saa nne asubuhi baba mdogo alipaza sauti kutoka chini.

"Maji! Yanakuja kwa fujo! Leteni kiti!"

Kiti chenyewe ni ubao uliofungwa kamba. Kifuu, mchimbaji mwenzake, ambaye upara wake ndio uliompa jina, alikishusha huku akicheza. Kilipogusa chini tu, akalipiga teke la furaha rundo la kifusi. Jiwe moja likaruka, likaingia katikati ya gia. Ka! Tulilitoa kwa mtaimbo, nalo likatoka na meno mawili: moja la gia ndogo, moja la gia kubwa. Mapengo yakabaki yanatazamana kama vibogoyo wawili wanaochekana.

"Huko juu mmelala?" baba mdogo akauliza. "Maji yako magotini."

Kisima kilikuwa na kina cha mita kumi na nne hivi, kuta zinateleza, na bega lake la kulia lilivunjika zamani. Kupanda kamba kwa mikono hawezi. Mwenye nyumba, bwana mmoja mnene, alianza kuzunguka ua akijishika kichwa.

Mama mdogo aliinama akaipima winchi kwa macho. Pengo la gia moja likipita peke yake, jino la jirani linabeba mzigo. Lakini mapengo yote mawili yakikutana pamoja, hakuna jino linaloshika kitu. Gia kubwa itarudi nyuma, na mtu ataanguka.

"Kwa hiyo tujue yatakutana lini," alisema. "Injinia, hesabu meno."

Nilihesabu. Gia ndogo kumi na mbili, gia kubwa arobaini, kwa kuhesabu na mahali pa pengo.

"Kumi na mbili mara arobaini ni mia nne na themanini," nikasema haraka, kama mtu anayejibu kabla hajasahau. "Gawanya kwa kumi na mbili. Mzunguko wa arobaini wa mkono! Kumtoa kunataka kama arobaini na tano. Yaani mpaka mapengo yakutane, baba mdogo yuko mdomoni mwa kisima, tunamdaka kwa mashati."

"Umesikia!" Kifuu akaushika mkono wa winchi. "Twende!"

"Toa mkono hapo."

"Shemeji, maji—"

"Nimesema toa." Akanigeukia. "Mwanangu, arobaini yako ni kweli. Yatakutana hapo. Lakini mimi sikuulizi yatakutana lini. Nakuuliza yatakutana lini mara ya kwanza."

Mia nne na themanini inagawanyika kwa zote mbili, sawa. Je, hakuna namba ndogo zaidi? Sikuwa nimejiuliza.

"Yako mapajani!" sauti ikatoka chini, na safari hii haikuwa na utani.

Mama mdogo alichomoa chaki, akapiga magoti mbele ya ubao wake. Mstari wa juu aliandika gia kubwa: 40, 80, 120. Mstari wa chini, gia ndogo: 12, 24, 36, 48, 60, 72, 84, 96, 108, 120. Hapo chaki ikavunjika. Akazungushia duara zile 120 mbili kwa kipande kilichobaki.

"Meno mia na ishirini. Mkono mara kumi, roli mara tatu. Halafu tena ishirini, thelathini, arobaini. Mara nne, siyo mara moja."

Kitu kile kina jina: kigawe kidogo cha shirika. Nilikuwa nalijua tangu shule ya msingi, kama unavyolijua jina la jirani ambaye hamsalimiani.

Alipanga watu upesi. Kifuu na mwenye nyumba kwenye mkono. Mimi na yeye kwenye spoku za gia kubwa, vile vyuma vya katikati, kuisukuma kwa mikono yetu pale meno yatakapokosekana, mpaka yashikane tena. Alitia chaki kwenye mapengo yote mawili. Pale yalipokuwa bado yanatazamana tulipavuka, hesabu ikianzia hapo, kamba ikiwa bado imelegea. Kisha ikakaza.

"Moja... mbili... tatu..." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nane... tisa... shikeni!"

Alama mbili nyeupe zilikuja kutoka pande mbili, zikatazamana. Mkono wa winchi ukalegea ghafla; Kifuu akatoa macho. Uzito wote wa baba mdogo ukaingia kwenye viganja vyetu.

"Sukuma!"

Tukasukuma. Jino likashika. Tk.

Ishirini ikapita. Kwenye thelathini jasho lilinitelezesha, gia ikatetemeka kurudi, na mama mdogo akaingiza bega lake chini ya spoku akaliacha hapo, meno yake mwenyewe yakisagana.

"Mbona mnasimama-simama?" baba mdogo akalia hewani.

"Tunakuhesabu, nyamaza!"

Arobaini ikafika, na mapengo yakakutana palepale nilipobashiri. Hesabu yangu haikuwa na kosa hata kidogo. Ilikuwa imechelewa mara tatu tu.

Baba mdogo alitoka ameloa hadi kiunoni. Mwenye nyumba alikaa chini kwenye kifusi akalia waziwazi. Kifuu hakumtazama mtu machoni. Mama mdogo, bega likiwa limechubuka, alimvua mumewe kamba polepole, fundo moja baada ya jingine.

"Ungeniacha kwa hawa?" baba mdogo akanong'ona.

Alinigeukia. Alinipa kile kipande cha chaki.

"Weka nyuma ya sikio," alisema. "Na kesho, kabla hujanipa jibu, niambie kama ndilo la kwanza."